Ndewe za Alistidia

Nyumba yangu mjini Bukoba haijui kufungwa mlango mchana. Barazani anakaa mume wangu Bashiri na cherehani yake, na mwanamke akija kupimwa gauni hapiti njia bila kwanza kuingia uani kwangu, akae mkekani, anywe chai, aseme anayoyajua na mengine ambayo hayajui vizuri. Nami mikono yangu haikai bure. Natoboa masikio. Kazi hiyo nilifundishwa na mama, aliyekuja huku na baba kutoka Pangani: sindano, uzi, maji ya limau, na kijiti cha fagio cha kuziba tundu lisijifunge. Masikio niliyoyatoboa, ukiyapanga mstari mmoja, yanatoka sokoni yanafika Buhembe.

Kwa hiyo habari ya ndewe za Alistidia sikuipata kwa jirani. Nilizitoboa mwenyewe.

Ilikuwa masika ya mwaka 1953, mwaka ule watoto wa shule walipogawiwa vikombe vyenye picha ya Malkia. Alistidia alikuja kutoka Nshamba kupimwa gauni la arusi. Alikuwa ameposwa na Mwalimu Mujuni, kijana mpole mwenye baiskeli, na arusi ilipangwa mwezi wa Desemba. Bashiri alipomaliza kumpima, binti akapita uani kama wapitavyo wote. Pale mkekani alikuwapo mama mmoja mwenye vipuli vya dhahabu. Alistidia akavitazama mpaka chai yake ikapoa.

Akaniuliza inachukua muda gani kupona. Nikamuuliza mimi nililoliona kubwa zaidi: "Na baba yako?"

Maana baba yake nilimjua, nani asiyemjua? Mzee Aroni wa Nshamba, mzee wa kanisa la Kilutheri, Mlokole aliyeokoka mpaka kwenye kucha. Mtu huyu siku moja alisimama mbele ya watu akatubu kwamba utotoni aliiba mkungu wa ndizi, kisha akabeba mkungu mwingine kichwani akaupeleka kwa mjukuu wa aliyeibiwa, miaka thelathini ikiwa imepita. Mjukuu mwenyewe hakujua anaupokea kwa ajili gani. Kwa Aroni bangili ni fahari ya dunia, na kipuli ni bangili iliyopanda juu. Kwa neno lake wanawake wa usharika ule walitupa bangili zao chooni. Tena aliweka sharti: msichana akikamatwa ametoboa masikio, hakai meza ya Bwana wala haolewi kanisani mpaka akae benchi la nyuma miezi sita.

Alistidia akanijibu taratibu kabisa, "Baba haoni chini ya kilemba. Na nikishaolewa, Mama Shamsa, masikio ni ya Mujuni."

Nikacheka, nikatia uzi kwenye sindano. Mtu mzima mwenye akili angemrudisha kwao. Ila mimi msichana mwenye jibu la namna hiyo huwa simuwezi.

Mwezi wa Agosti akarudi kujaribu gauni. Hakukaa mkekani. Alinivuta nyuma ya jiko, akafungua kilemba, nikaona. Tundu halikuonekana tena. Kila ndewe ilikuwa imeota donge, laini, linang'aa, jekundu jekundu, ukubwa wa buni iliyoiva. Moja huku, moja huku, utafikiri amechuma kahawa akaitundika.

Hayo nilikuwa nimeyaona. Katika masikio mia moja, mawili matatu huijibu sindano namna hiyo. Ziko ngozi zisizojua kuacha: wewe umetoboa tundu dogo, zenyewe zinajenga ukuta. Nikamuuliza kama linawasha. Akasema jua likipanda linawasha kama upupu. Nikamkanya asilikate, asilifunge uzi, asilichome kwa chochote, kwa sababu namjua mwanamke wa Rubafu aliyekata la kwake likarudi limezaa la pili. Nikamwambia afunge kilemba vizuri na aombe Desemba ije mbio.

Desemba ingekuja mbio, lakini mbele yake kuna Novemba, na Novemba ni mwezi wa senene, wale panzi wa kukaanga.

Kabla ya senene, nimtaje kwanza Kokubanza. Ni shangazi yake Mujuni. Baba yake alikufa Mujuni akiwa mchanga, na shangazi huyu ndiye aliyemlea, kwa hiyo neno lake ndilo lilikuwa neno la ukoo. Mwanamke mrefu, safi, mkali wa macho. Aliwahi kuja kwa Bashiri kushona gauni akataka shingo ya juu na mikono mirefu, kama anakwenda kukaa kwenye barafu, na hakukubali kupimwa mgongoni. Bashiri alikata kitambaa kwa kubahatisha. Wakati wa kungoja, nilimwona anaegemea mhimili wa mlango wangu na kusugua bega la kushoto, juu chini, juu chini, macho mbali kama hana habari. Nikaliweka moyoni. Mimi mambo madogo siyaachi yapite.

Sasa senene. Asubuhi ile niliyosimuliwa na watu wanne, kila mmoja akiniongezea senene wake, walikuwa wameanguka rweya nzima, ile mbuga ya nyasi iliyo nje ya migomba, mpaka majani yamebadilika rangi. Ukungu bado mzito, mabawa yao yamelowa umande, hawawezi kuruka. Ni kuinama na kuzoa. Wanawake wa Nshamba wote walikuwa huko na vikapu, na Alistidia miongoni mwao, maana mchumba wa mtu hawezi kupeleka ukweni kikapu nusu. Watu watauliza: huyu akiolewa, mume atakula nini?

Kikapu chake kikajaa. Senene bado wako. Kokubanza alikuwa pembeni yake, nao walikuwa wanapatana vizuri tu siku hizo, hata Alistidia akawa anamtilia mkwewe konzi mbili tatu kwenye kikapu chake. Kisha vikapu vyote vikajaa, na senene bado wanameremeta kwenye nyasi, wanono, wa kijani na wa kahawia. Hapo ndipo akili ilipomtoka. Ulafi wa senene usikie kwa watu. Una nguvu kuliko pombe. Alistidia alifungua kilemba, akakitandaza chini, akaanza kuwazolea humo.

Alipoinuka kufunga fundo, Kokubanza alikuwa anamtazama. Akamwambia ageukie kwenye jua. Alistidia akageuka kabla hajakumbuka. Jua la kwanza lilipiga zile ndewe, zikang'aa.

 Kokubanza alitazama masikio, akatazama mikono ya msichana, akatazama kikapu chake ambacho mikono ile ilikuwa imeingia. Kisha akakiweka chini polepole, akaondoka mikono mitupu. Wanawake wote wakasimama wima. Mhaya kuacha kikapu cha senene kimejaa katikati ya nyasi si jambo la kawaida. Hata kwenye msiba mtu huondoka nacho. Hakuna aliyehitaji kuambiwa. Masikio kuvimba na kung'aa, kila mtu alilelewa akijua ni dalili ya nini. Ukoma.

Basi kutoka Nshamba hadi Bukoba hutumia nusu siku. Maneno yalifika kabla yake. Kufika adhuhuri uani kwangu wanawake walikuwa wanajipapasa masikio, hata mmoja ambaye sikumtoboa mimi akaja kudai nimwangalie.

Huko Nshamba mambo yalikuwa mabaya. Watu walikuja kwa Mzee Aroni kama kawaida, maana desturi ni desturi, na mgeni hukaribishwa kwa buni zilizokaushwa za kutafuna. Kikapu kidogo kinazungushwa, kila mtu anachukua. Siku hizo walichukua, wakashukuru kwa Kihaya, waitu, waitu, wakaziachia polepole kwenye nyasi zilizotandikwa chini. Kuku wa Aroni wakazila zote. Nasikia juma lile kuku hao hawakutulia mchana kutwa, na jogoo alikuwa anawika saa tisa za alasiri. Mama yake Alistidia naye alianza kumtilia binti chai kwenye kikombe kimoja tu, kile cha Malkia, ili kisichanganyike na vingine. Alifanya hivyo huku analia.

Kokubanza akatuma neno: Jumapili baada ya ibada binti aangaliwe mbele ya koo zote mbili na Protase, dresa wa zahanati anayetibu vidonda. Kama ni ukoma, arusi imekufa, na mtu wa chifu atampeleka kambini, huko wanakopelekwa wakoma, ambako wengi hawakurudi.

Na Alistidia amenyamaza. Angesema nini? Akisema ametoboa masikio, ni benchi la nyuma miezi sita kwa sharti la baba yake mwenyewe, na Desemba imekwenda. Asiposema, ni mkoma. Akaniletea barua kwa mkono wa dereva wa basi, maneno saba: "Mama Shamsa, sindano yako imeniponza. Njoo upesi."

Jumamosi nikapanda basi. Bashiri aliniuliza nakwenda kufanya nini kwenye mambo ya kanisa la watu. Nikamwambia nakwenda kuangalia kazi yangu.

Nilimkuta Alistidia jikoni anamenya ndizi, kilemba kimefungwa mpaka karibu na nyusi. Nikamsaidia kumenya. Nikamuuliza jambo moja ambalo nilikuwa nimeligeuza kichwani njia nzima kutoka Bukoba. Kwa hawa watu wenu waliookoka, aliyekamatwa na aliyejitaja mwenyewe, adhabu yao ni moja?

Akaacha kisu. "Si moja. Aliyekamatwa anakaa nyuma. Anayesimama kujitaja kabla ya kuulizwa, wanamwimbia na kumkumbatia. Yameisha hapo hapo."

"Basi mbona umekaa unamenya ndizi?"

Akasema mimi simjui baba yake. Nikamwambia namjua sana, ni yule wa mkungu wa ndizi, na mtu aliyerudisha mkungu baada ya miaka thelathini hawezi kukataa sharti lake mwenyewe mbele ya watu. Ila lazima awahi. Akiulizwa kwanza, hata akijibu ukweli, amekamatwa. Alistidia akasema ulimi wake mbele ya baba hugeuka jiwe. Hatukumaliza maneno hayo. Mama yake aliingia.

Jumapili ua ulijaa. Nakiri nilifurahi, nisamehewe; watu wakiwa wengi mimi hupata nguvu. Koo mbili zilikaa zikitazamana, Walokole wamekaa upande wao, na kila aliyekuwa na shughuli Nshamba siku hiyo aliiahirisha. Kokubanza alikaa kwenye kigoda karibu na mhimili wa baraza. Mimi nikajipenyeza nikakaa kwenye nyasi nyuma yake kabisa, kwa kuwa pale ndipo penye kivuli, na kwa sababu nyingine.

Alistidia alikaa katikati peke yake, kichwa wazi, na kikombe cha Malkia mkononi kimejaa chai. Mujuni akaja na baiskeli yake, akaiegemeza. Juma zima alikuwa hajaonekana, na mimi nilikuwa nimeshamtia kwenye kundi la waoga. Akaenda moja kwa moja mpaka kwa mchumba wake, akachukua kile kikombe mkononi mwake, akanywa chai yote mpaka chini. Protase alikuwa bado hata hajafungua sanduku.

"Haina sukari," akasema, akamrudishia.

Shangazi yake alitoa sauti ya mtu aliyemwagiwa maji. Alistidia alitazama ndani ya kikombe muda mrefu, na nikaona mgongo wake unanyooka.

Protase alikuwa kijana wa kaptura ya kaki, mwenye kujua kazi yake na kujua kwamba anaijua. Akamfunga Alistidia kitambaa machoni, akachukua unyoya wa kuku. Akaeleza kwa sauti kwamba ukoma huua hisia ya ngozi: palipo na ukoma, mtu haoni mguso, hajui moto wala baridi. Kisha akamgusa. Alistidia akawa anataja. Kulia. Kushoto. Kushoto chini. Kulia tena, na usinitekenye. Watu wakaanza kunong'ona. Protase akaweka unyoya, akachukua kitu kingine, akamgusa kidogo tu.

Alistidia akasema, "Hiyo ni sindano, naijua."

Nikafumba macho. Nashukuru wengi walikuwa wanacheka.

Protase akamfungua kitambaa, akatangaza kuwa huu si ukoma. Ni kovu, kovu lililozidi mpaka. Wenye vitabu wanaliita keloidi. Haliambukizi, halili vidole, halitoki kwa kukatwa. Ukilikata linarudi na ndugu yake. Akaongeza kwamba hata ukoma wenyewe siku hizi una dawa, na wenye nao ni watoto wa watu. Hilo la mwisho hakuna aliyelisikiliza.

Kokubanza hakuridhika. Naye hakuwa mjinga. "Kovu lina mama yake," akasema, "na mama yake ni jeraha. Jeraha gani hilo limeota masikio yote mawili, mahali pamoja, kama limepimwa kwa rula?"

 Mzee Aroni akageuza kichwa polepole kumtazama binti yake, na nikaona kinywa chake kinafunguka. Nikakohoa kikohozi kikubwa kuliko vyote nilivyowahi kukohoa. Wengine walidhani nimepaliwa na buni.

Alistidia akasimama, akamgeukia baba yake. "Tata, usiniulize bado. Nataka kusema kabla hujauliza." Akasema yote. Alitoboa masikio Bukoba kwa hiari yake. Alitaka vipuli. Alificha miezi saba chini ya kilemba, na kila Jumapili alikaa mbele akiimba. Anaona aibu ya kuficha zaidi kuliko ya kutoboa, na kama Tata anataka kumweka nyuma, amweke.

Mzee Aroni alisimama kama mgomba uliozidiwa na mkungu wake. Unaona unayumba, hujui utaangukia wapi. Yule ni mtu wa kanuni, na kanuni zote mbili ni zake: ya benchi la nyuma na ya anayejitaja. Naamini angesimama pale mpaka magharibi. Lakini kwenye kona alikuwapo bibi mmoja Mlokole, kiziwi kabisa, ambaye hakusikia neno hata moja la mkutano ule. Alichoona ni msichana amesimama, ameshika kifua, machozi yanamtoka. Kwa miaka mingi aliyokaa na Walokole, alijua maana ya hayo. Akaanza kuimba kwa sauti kali ya chuma. Wenzake wakamfuata, kwani ni nani atamwacha bibi aimbe peke yake? Na wimbo ukishaanza, baba hana njia. Aroni akatembea mpaka kwa binti yake akamkumbatia, akamwinamia sikioni. Watu wakafuta machozi. Baadaye Alistidia aliniambia alichonong'ona: "Vipuli viko wapi?"

Vilikuwa kwangu, binti alikuwa ameniachia nimtunzie. Mzee Aroni akaniona namna nilivyokaa, akajua. Akaniuliza mbele ya watu kama mimi ndiye mtoboaji. Nikamjibu kwa adabu, "Ndimi, Mzee. Mimi si wa kanisa lenu. Kwetu mtu hutobolewa masikio akiwa mchanga, asijue hata kukataa." Watu wakacheka, hata yeye mdomo ukamchezacheza, akaurudisha.

Kokubanza peke yake hakucheka wala kuimba. Akasema kujitaja si dawa, na unyoya wa kuku si daktari. Akasema, na sauti yake ilishuka, "Dada yangu alianza hivi hivi. Masikio yakang'aa. Tukasema ni uzuri. Kisha alijengewa kibanda mwisho wa kibanja chetu cha migomba, na chakula tulikisukuma kwa mti mrefu. Mimi ndiye niliyekuwa nausukuma. Mwanangu Mujuni sitamsukumia chakula kwa mti."  Alistidia akakaa chini tena. Pale niliona arusi inatuponyoka, na safari hii si kwa uongo wa mtu.

Jua lilikuwa limepanda. Kokubanza, kwa gauni lake la shingo juu, alianza. Bega la kushoto kwenye mhimili, juu chini, juu chini. Nami nimekaa nyuma yake, pua yangu karibu na mgongo wake. Nilitaka kumuaibisha, sitasema uongo. Niliinua mkono, nikaweka kucha zangu nne pale pale, juu ya kitambaa, nikamkuna.

Kokubanza alifumba macho. Alitoa mguno mrefu, ule wa ng'ombe anayetolewa kupe, na mbele ya koo mbili na kanisa zima akasema kwa raha, "Juu kidogo."

Kisha akafumbua macho.

Chini ya vidole vyangu nilikuwa nimeligusa. Donge, refu, gumu, laini juu. Nililijua kama ninavyojua kisu cha jikoni kwangu.

Protase akauliza, "Mama, mgongoni kuna nini?"

"Ng'ombe alinipiga pembe."

Protase akaomba amwangalie ndani. Kokubanza alisimama, akatufuata: Protase, mama yake Alistidia na mimi, maana mimi sikuachwa nyuma. Chumbani akafungua vifungo vya shingo. Kulikuwa na mistari mitatu iliyonyooka, imevimba, imeungana juu kama mizizi.

"Ng'ombe wa pembe tatu," Protase akasema. "Amekupiga kwa wembe."

Kokubanza akakaa kitandani, akasema. Zamani alitafuta mtoto, hakupata. Akaenda kwa mganga, akachanjwa chale mgongoni. Wembe ule ulikuwa umetumika kwa watu, hakuuliza kina nani. Chale zikavimba, zikang'aa, naye akajua: ni ukoma wa dada yake, umemfuata. Hakumwonyesha mtu miaka ishirini na miwili. Alikula kwenye sahani yake. Alilala kwenye mkeka wake. Na Mujuni alipofiwa na baba yake, mtoto wa miezi minne, alimlea kwa mikono, hakuwahi kumbeba mgongoni hata siku moja. Watu walisema ana maringo.

"Ndiyo maana masikio ya binti niliyajua," akasema. "Yamefanana na mgongo wangu."

 Protase alitoa unyoya mfukoni, akasimama nyuma yake, akamgusa. Kokubanza akasema hapo. Akamgusa kwingine. Hapo. Na hapo. Protase akamwambia kwamba mkoma hawashwi mahali pa ukoma wake, na yeye amejikuna mihimili ya Nshamba yote. Akataka kurudisha unyoya mfukoni. Kokubanza akamshika mkono bila kugeuka, akamwambia, "Rudia." Akarudia. Akarudia tena mpaka unyoya ukavunjika. Mimi niliyeingia mle kucheka, nikatazama dari.

Alipotoka nje alikuwa amefunga vifungo vyote isipokuwa kimoja cha juu.  Hakueleza chochote. Alikwenda kwa Alistidia, akakishika kile kikombe cha Malkia kilichokuwa kitupu, akampa mama wa binti akijaze, akanywa nusu, nusu akamwachia mkwewe. Ndipo akasema arusi iko pale pale.

Kisha akatazama huku na huku kwa macho yale yale makali ya zamani. "Na kikapu changu cha senene, kiko wapi?"

Hapo ua wote ukakuta kuna jambo la kuangalia chini. Kikapu kilichoachwa rweyani juma zima kwa kuwa kimeguswa na mkoma, hakikuwapo, wala senene wake. Mtu fulani miongoni mwa wale waliotupa buni kwa woga aliwakaanga akawala. Walokole waliimba tena nyimbo mbili kumpa nafasi. Dhambi hiyo mpaka leo hajapatikana wa kusimama aitaje.

Desemba ikaja. Alistidia aliolewa kanisani kwa gauni la Bashiri, na ndewe zake mbili zikiwa pale pale, maana kovu halijui sherehe. Vipuli nilimpelekea Mzee Aroni, akavitupa chooni kwa mkono wake. Mujuni anasema havikuhitajika, mke wake amezaliwa na buni masikioni. Uongo mtupu, lakini ni wa mume.

Kwenye karamu walinipa mahali pazuri mkekani, karibu na sinia. Nilikuwa ndiyo kwanza nimekata tonge la matoke, Kokubanza akaja na gauni jipya, shingo ya chini kidogo. Akawasogeza watu watatu waliokuwa wamekaa mbele yangu, akaketi, akanipa mgongo. Hakugeuka wala kunisalimu. Alingoja.

Nikafuta mkono, nikaanza kazi.

"Juu kidogo," akasema.